Kulipwa Kusoma Anga

Mama alipowaambia majirani kwamba kuna watu wananilipa nisome, walidhani anaficha jambo. Walichozoea ni kinyume chake: ng'ombe anauzwa, kipande cha shamba kinakodishwa, mtoto anasoma. Hawakuwahi kusikia mtu anakaa kitako, anasoma maandishi ya wenzake, halafu anatumiwa pesa kwa kuwa kasoma. Jirani mmoja alimvuta mama pembeni baada ya ibada, akamuuliza kwa upole kama ana hakika binti yake hajaingizwa kwenye ile biashara ya kuuza dawa za kupunguza tumbo kwa simu. Mama akarudi nyumbani Ikuti kanuna. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akaninyima chai.

Lakini ilikuwa kweli. Upo mfuko unaosaidia wanafunzi wa vyuo vikuu kuandika mapitio ya machapisho katika sayansi ya anga za juu. Hakuna chombo unachorusha, wala darubini unayochungulia. Unachagua swali, unasoma kila unachoweza kukipata ambacho wataalamu wamekwisha kuandika juu ya swali hilo, kisha unaandika: haya tunayajua, haya bado wanabishania, na hapa hajafika mtu. Niliomba nikiwa mwaka wa pili, bila matumaini, maana wakati ule nilikuwa naomba kila kitu kilichopita mbele yangu. Wakanichukua.

Fedha yenyewe ilikuja kwa mafungu mawili. La kwanza lilinimalizia mwaka wa pili. La pili lingelipa ada ya mwaka wa mwisho, na lingetoka pale tu jopo la wasomaji wao likiikubali kazi. Likiikataa, ningeahirisha mwaka. Watu wa chuo hulitamka neno hilo kwa wepisi, kuahirisha, kana kwamba mwaka ni kikao cha harusi. Mimi nawajua walioahirisha. Mmoja anauza mitumba Mbeya, mwingine yuko kwao analea, na wote ukikutana nao bado wanakwambia watarudi. Baba alishafariki. Mama ana migomba, chai kidogo na ng'ombe wawili wa maziwa, na vyote hivyo vilikuwa vimekwisha kukamuliwa kwa ajili yangu. Niliogopa sana. Naliandika hapa kwa sababu kipindi kile kila aliyeniuliza nilimjibu niko poa.

Swali langu nililipata dirishani. Kwetu mvua haina likizo. Mlima Rungwe uko hapo juu yetu, lakini zinapita siku nyingi unauamini tu kwamba upo. Sweta ukilifua Jumatatu, Ijumaa unalivaa likiwa bado bichi, na linanuka moshi kwa sababu umelianika jikoni. Sasa setilaiti nyingi zinazopiga picha dunia zinategemea mwanga wa jua, kama kamera ya simu. Zikifika juu yetu zinaona mawingu, zinakwenda zao. Ila zipo nyingine zenye rada. Hizo hurusha mawimbi zenyewe na kupokea yanayorudi, na wingu haliyazuii. Nikajiuliza: je, zinaweza kupima unyevu wa udongo chini ya mawingu, na chini ya mimea pia?

Mama mwenye steshenari pale Msasani, mjini Tukuyu, alinicheka nilipompelekea karatasi za kuchapa. Ni mama wa Kiislamu, babu yake alitoka pwani na cherehani, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wakaguzi wa shule. "Binti yangu," akasema, "huku kwenu hata jua mnalisikia redioni. Wewe ukaona usomee anga?" Nikamwambia ndiyo hasa sababu. Akatikisa kichwa, lakini karatasi mbili za mwisho hakunitoza.

Niliandika kwa miezi. Nilisoma mpaka macho yakawa mekundu, nikapeleka kazi nikiwa najiona nimetua mzigo. Ikarudi ili niirekebishe. Maoni ya jopo yalikuwa marefu, lakini yaliyonichoma yalikuwa haya tu: mwandishi anamshukuru kila mtaalamu, yeye mwenyewe anasema nini?

Nilikasirika. Mimi ni mwepisi wa hasira, nimeumbwa hivyo, na shangazi zangu wanasema nimerithi kwa bibi aliyewahi kumfukuza mchungaji jikoni. Nikampigia msimamizi wangu chuoni, mama mpole asiyeharakishwa na kitu, nikamweleza kwamba watu hawa hawakusoma vizuri. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umesalimia vizuri sana," akaniambia. "Hakuna uliyemruka. Sasa wageni wamekaa, wanangoja mazungumzo."

Nilikata simu nikaifungua kazi upya, na pale nikajiona. Kwetu mtoto wa kike akifika msibani, au nyumbani kwa watu tu, anasalimia kila mkubwa aliyekaa, mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza kwenye benchi mpaka wa mwisho. Unapiga goti, unainamisha macho, unasema mugonile, unapokea jibu, unasogea kwa anayefuata. Kumruka mmoja ni tusi litakalozungumzwa mpaka Krismasi. Kumwambia mkubwa kwamba amekosea, hilo halina hata jina. Na mimi nilikuwa nimewafanyia wataalamu wa rada vilevile. Aya moja kwa huyu, asante. Aya moja kwa yule, asante. Mmoja aliandika kwamba mawimbi mafupi ya rada yanatosha kupima unyevu wa udongo chini ya mazao. Mwingine aliandika kwamba mawimbi hayohayo yakikutana na majani hugonga na kurudi bila kufika chini. Hawawezi kuwa sahihi wote kwa mahali pamoja, mtoto wa darasa la nne anaona, na mimi nilikuwa nimewapa mkono wote wawili nikapita.

Basi nikarekebisha kwa hasira. Nikaandika huyu kakosea, huyu hakufikiri, huyu sijui alipitaje. Nilipoyasoma asubuhi yake niliona ni ugomvi wa sokoni, tena wa mtu ambaye hajui bei. Nilifuta yote. Mapitio yakabaki na shimo katikati, na tarehe ya usaili wa mtandaoni, ambapo jopo lingenisikiliza niitetee kazi, ilikuwa inasogea. Likizo ilikuwa imeanza. Nikaenda nyumbani na lile shimo langu.

Nilikuta ukoo unajiandaa kwa kikao. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alikuwa na pendekezo juu ya shamba letu la bondeni, na wazee na shangazi wote waliitwa sebuleni kwetu. Mimi kazi yangu ilikuwa jikoni, ndizi na maziwa mgando, lakini ukuta wa jikoni yetu ni mbao, hukosi neno.

Lazima nieleze namna ukoo wetu unavyosema, kwa sababu nilikua nikiichukia. Mtu haanzi na lake. Anayetaka kusema hushukuru kwanza, kisha hurudisha maneno ya aliyemtangulia, yote, mpaka mwenyewe aitikie "ena", yaani ndiyo, ni hayo. Asipoitikia, hujamsikia, anza tena. Baada ya hapo ndipo unaruhusiwa kutoa la kwako. Utotoni niliona ni njia ya wazee ya kuhakikisha ndizi zinapoa. Jambo la kuamuliwa kwa kikombe cha chai lilikuwa linakula mchana mzima.

Siku hiyo walisema Kiswahili kwa heshima ya mke wa binamu yangu, mtu wa Tanga. Baba mkubwa akafungua.

"Palachichi ndiyo habali ya sasa," akasema. "Shamba langu la mlimani nimelibadilisha lote, na mnaliona. Migomba ya bondeni tuing'oe. Tupande palachichi tupu. Huyu mama apate pesa, mtoto amalize chuo."

Nikasimama na mwiko mkononi. Alikuwa ananifikiria mimi. Na ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu hiyo, maana nilijua mama hataki, na nilijua mama hawezi kumpinga. Yeye ni mke wa mdogo mtu, mjane, na aliyesema ni mkubwa wa nyumba.

Mama akasogea mbele ya kiti chake, akapiga goti.

"Ndaga fijo, baba mkubwa," akasema. Humwita hivyo kwa ajili yetu sisi watoto. "Umetufikiria, asante sana. Nirudishe maneno yako nione kama nimeyashika. Umesema parachichi lina soko. Umesema halikuiti kila wiki kama chai. Umesema shamba lako la mlimani limelikubali. Na mimi niongeze ambalo hukulisema kwa sababu hujisifu: ulianza wakati sisi wote tunakucheka, ukachimba mashimo peke yako, na leo tunakuja kuomba miche kwako. Ni hayo?"

"Ena," akasema baba mkubwa. Sauti yake ilikuwa imelainika kabisa.

"Basi mlimani kwako maji yanapita. Bondeni kwetu maji yanakaa. Masika ukisimama pale unaondoka, buti linabaki. Mgomba unavumilia kidogo, lakini mzizi wa parachichi ukilala majini unaoza. Ulilolisema ni kweli kwa shamba lako. Kwa hili la bondeni, mimi naona bado hatujajua."

Nikasikia baba mkubwa anajikuna ndevu, zina mlio.

"Na pale kwenye mtelemko, juu ya bonde?" akauliza.

"Pale hata kesho," mama akajibu.

Ikaisha hivyo. Hakuna aliyeshindwa, baba mkubwa alikula ndizi akaongeza, na mteremko ukapangiwa parachichi. Mimi nilibaki jikoni nimeshika mwiko. Mama alikuwa amempinga mkubwa wa ukoo waziwazi, mbele ya watu wote, na alikuwa amemheshimu zaidi kuliko mimi nilivyowaheshimu wale wataalamu kwa kuwapa mkono na kupita. Alikuwa amemsikia. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nalipwa kuifanya, na nilikuwa sijaianza.

Nilirudi kwenye yale machapisho na maswali ya mama. Ulipima wapi? Pana mteremko au tambarare? Ni mmea gani uliokuwa juu ya udongo wako, na ulikuwa na urefu gani? Majibu yalikuwepo muda wote, kwenye zile kurasa za katikati ambazo mwanafunzi huziruka akikimbilia hitimisho. Yule wa mawimbi mafupi alipima tambarare, kwenye ngano ya kufika gotini. Alikuwa sahihi, kwa ngano. Yule mwingine alipima kwenye miti minene. Naye alikuwa sahihi. Wala hawakuwa wanagombana. Walikuwa wamesimama kwenye mashamba tofauti. Na katika yote niliyoyasoma sikumpata mtu aliyepima kwenye migomba iliyopandwa mlimani, chini ya mawingu, mahali kama kwetu. Niliandika upya nikiwarudishia wote maneno yao kwanza, pamoja na mazuri ambayo wenyewe hawakuyatilia mkazo, kisha nikasema langu. Nilifurahi kuandika. Ilikuwa mara ya kwanza.

Siku ya usaili nilikwenda Msasani, kwa sababu mtandao wa nyumbani hauaminiki na wa mama wa steshenari ni wa waya. Alinipa chumba cha nyuma, akazima mashine ya kutoa kopi, akawaambia wateja wasubiri, kuna mtoto anahojiwa na Wazungu. Hawakuwa Wazungu wote, lakini sikumsahihisha.

Walitokea watatu kwenye kioo. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani na sweta zuri kavu, akajitambulisha. Jina lake nililijua. Nililiandika mwenyewe, mara nyingi, kwenye kazi waliyokuwa wameishika. Ndiye aliyepima ngano.

"Nimesoma kwamba matokeo yangu hayatumiki kwenu," akasema kwa Kiingereza, taratibu. "Naomba unieleze."

Nitakuwa mkweli: jambo la kwanza lililonijia ni kuomba msamaha na kufuta kila kitu. Nilimwona kabisa mkubwa kwenye benchi la msibani, na magoti yangu yakataka kukunjika chini ya meza. Nikaiona na ada ya mwaka wa mwisho inaondoka. Kisha nikafungua mdomo nikasema, "Profesa, asante kwa kazi yako. Naomba kwanza nirudie ulichosema, uniambie kama nimekuelewa."

Nyusi zake zilipanda juu ya miwani. Nikaendelea. Nikamweleza alichopima, kwa nini alichagua mawimbi mafupi, na namna alivyorudi kwenye shamba lilelile mvua ziliponyesha na ziliponyamaza, jambo ambalo wengine hawakulifanya na ambalo yeye alilitaja kwa mstari mmoja tu. Nilipofika mwisho nikauliza kama ndivyo.

"Ndivyo," akasema. "Ndivyo hasa."

Na hapo mvua ikashuka.

Anayeijua mvua ya Tukuyu kwenye bati hahitaji maelezo. Sikujisikia mwenyewe. Nikaona midomo yao inatikisika, nikaona mmoja anabonyeza masikio. Ile hoja niliyoiandaa kwa unyenyekevu wote wa ukoo wangu, niliyokuwa niitoe kwa sauti ya chini, ilibidi niipige kelele. Nikasita. Kumpinga mkubwa ni jambo moja, kumpinga kwa kumfokea ni jingine.

Mlango ukafunguka nyuma yangu. "Paza sauti, binti yangu!" mama wa steshenari akanipigia kelele sikioni. "Mvua ndiyo isiyo na adabu, siyo wewe!"

Nikapaza. Nikapiga kelele kwamba ngano yake ilikuwa fupi na migomba yetu ni mirefu, kwamba jani moja la mgomba linamfunika mtoto, kwamba mashamba yetu yamelala ubavuni mwa mlima na rada inaangalia kwa upande, kwa hiyo upande mmoja wa kilima haiuoni kabisa. Nikapiga kelele kwamba alichosema ni kweli kwa shamba lake, na kwa letu bado hatujajua, kwa sababu sijaona aliyepima.

Akanionyesha kwa vidole kwamba anataka kuuliza. Akasogeza uso karibu na kamera. "Kelele hiyo ni nini?"

"Mvua!" nikajibu.

"Huwa hivyo?"

"Hii ndogo!"

Akacheka, na wenzake nao. Kisha akaitazama karatasi yake. Niliona midomo yake, na ile sauti iliyopenya ilitosha: "Nilipaswa kuandika neno ngano kwenye kichwa cha makala." Akanyanyua kalamu kama mtu anayetaka kuongeza kitu. Umeme ukakatika.

Ulirudi jioni, wao wamekwisha kuondoka. Kukawa na ujumbe mfupi kwamba nimesikika na nitajulishwa. Nitajulishwa! Neno hilo lingefaa kufungiwa kabatini. Nilirudi Ikuti nikawa siwezi kula. Mama hakuniuliza kitu, na najua ilimgharimu, maana ni mtu wa kuuliza. Aliniongezea kazi tu, kukata majani ya ng'ombe, kuchuma chai, kupalilia, mpaka nikawa nalala kwa uchovu badala ya kukesha kwa mawazo.

Ujumbe uliingia tukiwa kwenye shamba la chai, asubuhi, ukungu umetufikia mabegani. Kule juu ndiko mtandao unakoshika vizuri. Simu ikatetemeka mfukoni, nikaifungua kwa vidole vilivyojaa utomvu, na ilibidi nisome tena kwa sababu maji yalikuwa yanatiririka kwenye kioo, ya ukungu na yangu.

"Mama," nikasema. "Wameikubali. Wanalipa mwaka wa mwisho."

Alishusha kikapu, akajifunga khanga upya kiunoni, polepole, kama anayejiandaa kwa kazi. Kisha akainua uso akapiga kigelegele. Mama yangu hakuwahi kupiga kigelegele tangu tumzike baba. Nilikuwa nimesahau kwamba anaweza. Kikapita juu ya mashamba, na ng'ambo ya bonde, ndani ya ukungu, wanawake tusiowaona wakaitikia. Hivyo ndivyo kwetu. Kigelegele huitikiwa kwanza, sababu huulizwa baadaye.

Sauti moja ikavuka kutoka ng'ambo, ikiuliza kwa Kinyakyusa kuna nini.

Mama akaweka viganja mdomoni. "Mwanangu amempinga profesa!" akapiga kelele. "Anarudi chuo!"

Ng'ambo wakanyamaza kidogo. Nadhani walikuwa wanalipima. Mama naye akaona jambo halijakaa sawa, akavuta pumzi tena, kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Amempinga kwa adabu!"

Ndipo vigelegele vikaanza upya.